Kopo la Bi Pamba

Mzee Faili hakuwahi kumsalimu Bi Pamba, na Bi Pamba hakuwahi kuidai salamu hiyo. Kila Jumanne na Ijumaa, saa nne kasorobo asubuhi, mzee aliingia kliniki ya mifugo akivutwa na buldogi wake, akaketi kwenye benchi lililo kando ya mizani, akatoa daftari lenye jalada gumu na kuandika saa. Kisha alimkodolea macho yule mama mwenye aproni, kama karani anayemtazama mtu aliyeleta fomu aliyoijaza nusu.

"Umechelewa dakika tatu."

"Mbwa ndiye aliyelalamika?"

"Mimi."

"Basi mpandishe mezani. Wewe sikuogeshi."

Hayo ndiyo yalikuwa maamkizi yao kwa wiki saba.

Jina la Bi Pamba lilitokana na bunda la pamba alilozoea kulibana kwapani. Alimaliza sekondari akitaka uuguzi kama dada yake, alama hazikutosha, akapata kazi ya kupiga deki hapo kliniki. Daktari wa wakati ule, ambaye sasa ni marehemu, aligundua kwamba mbwa wakali hunyamaza wakishikwa naye, akamnyang'anya ufagio na kumpa beseni. Miaka ishirini na sita ilipita akiwa pale pale. Mume alimwacha kwa sababu ya harufu ya mbwa, au ndivyo alivyosema mwenyewe alipokuwa akifunga sanduku. Sasa alikaa na dada yake, muuguzi mstaafu, ambaye hadi leo hajamsamehe mdogo wake kwa kuvaa aproni nyeupe kama aliyokuwa akiivaa yeye.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hata dada mtu hakuweza kulibeza. Hakuna mbwa aliyewahi kutema kidonge cha Bi Pamba. Madaktari watatu wamepita katika kliniki ile, kila mmoja na makovu yake ya meno, na wote walimwachia yeye kazi hiyo. Kila Jumatatu na Alhamisi jioni alichemsha maini ya kuku bila chumvi, akayakatakata vipande vidogo kama ncha ya kidole cha mwisho, akavitia katika kopo la kahawa.

"Sisi tunakula maharage, mbwa wa watu wanakula maini," dada yake alisema akiwa amesimama mlangoni mwa jiko.

"Na maharage yenyewe nimepika mimi."

"Ndiyo maana hayaivi."

Kesho yake kopo liliingia mfuko wa aproni. Wakati wa kidonge ulipofika, Bi Pamba aligeuka, akampa mwenye mbwa mgongo, akatumbukiza kidonge ndani ya ini, na kufumba na kufumbua mbwa alikuwa anajilamba. Ile siri ya mgongo aliipenda kuliko alivyoweza kukiri.

Mzee Faili alikuwa amefanya kazi ya masijala maisha yake yote, akitafuta majalada ya wakubwa na kuyarudisha mahali pake. Alipostaafu alinunua buldogi mweupe mwenye doa la kahawia jichoni, akamwita Meneja, kwa kumbukumbu ya mtu aliyemnyima cheo mara nne. Ilimpendeza kusimama mlangoni kwake na kusema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "Meneja, kaa chini." Hakuwa na mke wala mtoto wa kukaa naye. Alikuwa na Meneja.

Na Meneja alikuwa akioza akiwa hai. Mikunjo ya uso ilikuwa mibichi na myekundu, ikitoa harufu ya unga uliochacha. Chini ya kile kimkia chake kulikuwa na shimo lenye majimaji. Tumbo lilijaa vipele, masikio yalivimba ndani hadi tundu likabaki kama la sindano, na nyayo alizilamba mpaka manyoya yakageuka rangi ya kutu. Alijikuna akila, alijikuna akilala.

Daktari, kijana aliyeweza kuwa mtoto wa yeyote kati ya wale wawili, alilieleza jambo hilo siku ya kwanza bila haraka. Mikunjo ya buldogi hushika unyevu na fangasi huota humo; dawa yake ni kuisafisha, na zaidi ya kuisafisha, kuikausha. Lakini nyayo, tumbo na masikio yakiwasha pamoja, huenda mwili unakataa chakula fulani. Huo unaitwa mzio, na njia ya kuujua ni moja: wiki nane za nyama ambayo mbwa hajawahi kuila, na kitu kingine kisiguse ulimi wake. Wakachagua sungura na viazi vitamu. Kwa ajili ya fangasi aliandikiwa kidonge mara mbili kwa wiki, na kwa kuwa mzee alishindwa kumfungua mbwa wake taya, kidonge kingetolewa pale kliniki siku za kuogeshwa.

Masharti ya chakula aliyatoa Bi Pamba, na aliyatoa kwa ukali, maana alishajua wenye mbwa walivyo waongo.

"Hata mfupa. Hata makombo. Hata kulamba sahani ya mtu. Mkija hapa kuniambia alionja tu kidogo, mtakuwa mmetupotezea wakati sote. Unaandika?"

"Naandika."

"Andika kwa herufi kubwa."

Mzee Faili aliandika kwa herufi kubwa. Alinunua sufuria ya mbwa peke yake, akaifungia kabatini kwa kufuli. Alikosana na jirani kwa ajili ya ganda la mkate lililorushwa juu ya ukuta. Kila asubuhi aliketi mbele ya Meneja na saa ya mkononi, akahesabu kwa robo saa mara ngapi anajikuna, akajaza nambari.

Wiki ya saba ilipofika, mikunjo ya uso ilikuwa imeanza kupona, kwa sababu ya pamba ya kuikaushia. Mengine yote yalikuwa vile vile. Mzee aliandika barua mbili na kuzikabidhi kwa daktari, kila moja na nakala yake. Ya kwanza ilimshtaki Bi Pamba kwamba dawa yake ya kuogeshea inamuunguza mbwa. Ya pili iliomba kwamba wiki ya nane ikiisha bila nafuu, Meneja achomwe sindano ya mwisho.

"Unataka kumuua kwa sababu ya kujikuna?" Bi Pamba alimuuliza siku hiyo, pamba ikiwa mkononi.

"Wewe unakwenda kwenu saa kumi. Mimi nabaki naye nikisikiliza kucha zake sakafuni. Usinifundishe."

Ijumaa ya wiki ile daktari aliwaita wote wawili katika chumba cha uchunguzi, Meneja akiwa juu ya meza ya chuma kati yao.

"Mzee, soma ushahidi wako."

Mzee Faili alivaa miwani, akasoma kama anayesoma hukumu. "Jumatatu, kujikuna mara kumi na moja. Jumanne asubuhi, mara tisa. Jumanne, saa nne, kliniki. Jumatano, mara thelathini. Alhamisi, ishirini. Ijumaa asubuhi, kumi na nne. Ijumaa, saa nne, kliniki. Jumamosi, thelathini na tatu." Akafunua kurasa nyingine, na nyingine. "Wiki saba, mtindo ni huo huo. Kila akitoka mikononi mwa huyu mama, kesho yake anachanika. Kama si dawa yake ni nini?"

"Dawa ile inapakwa usoni na mkiani tu," alisema daktari. "Nyayo haziguswi. Tumbo haliguswi. Na ndiko anakojikuna."

"Basi anampa kitu kingine. Hapa nimeandika." Alisogeza kidole kwenye mstari. "'Kidonge kimemezwa saa nne na dakika ishirini. Anageuka mgongo anapompa. Kwa nini anageuka mgongo?' Nimeliuliza mara kumi na mbili humu ndani, na sijajibiwa hata mara moja."

"Ni mazoea yake tu, mzee." Daktari alishachoka. Akaivuta fomu ya sindano ya mwisho, akatafuta kalamu. "Ijumaa ijayo wiki nane zinatimia. Tuandike saa ngapi?"

Bi Pamba alikuwa amesimama mkono ukiwa ndani ya mfuko wa aproni. Vidole vilikuwa juu ya kifuniko cha kopo. Wiki saba alikuwa amemshuku mzee, jirani, hata muuza sungura. Kopo halikumjia akilini kwa sababu kwake ini lile halikuwa chakula. Lilikuwa sehemu ya kidonge, kama maji yalivyo sehemu ya sindano.

Hakuna aliyeliona kopo. Angeweza kutoka, akalimwaga nyuma ya jengo, akaanza Jumanne kwa mkono mtupu na kusubiri. Lakini Jumanne moja isingetosha kuonyesha nafuu, na Ijumaa ilikuwa imeshatajwa. Akafikiria barua ya mashtaka. Akafikiria kicheko cha dada yake. Meneja alinyanyua kichwa chake kizito, akasukuma pua kwenye mfuko wa aproni, akaanza kuulamba.

Bi Pamba akalitoa kopo, akalitua mezani.

"Nini hii?" akauliza mzee.

"Maini ya kuku."

"Ya nini?"

"Ya kidonge."

Daktari aliiweka kalamu chini. "Tangu wiki ya kwanza?"

"Tangu miaka ishirini na sita."

Mzee Faili alirudisha kurasa za daftari taratibu mpaka ya kwanza, akaligeuza limwelekee Bi Pamba. "Hata mfupa. Hata makombo. Hata kulamba sahani ya mtu. Maneno yako. Herufi kubwa umezitaka wewe."

"Nayakumbuka."

"Mimi nimefunga kabati kwa kufuli. Jirani hanijibu salamu mpaka leo. Na wewe unamlisha kuku mfukoni."

"Ndiyo."

"Ndiyo, basi?"

"Unataka nilie? Nikilia utaandika."

"Nitaandika hata usipolia." Na kweli akaandika, kalamu ikikwaruza karatasi.

"Ukimaliza, andika pia kwamba zile wiki saba hazihesabiki," alisema Bi Pamba. "Hazikuwa jaribio. Nataka wiki nane nyingine."

"Unataka wewe? Mbwa wa nani?"

"Wako. Kosa ni langu. Usimuue kwa kosa langu."

Mzee alimtazama mbwa, si mama. Kisha akafunua ukurasa mpya, akaandika juu yake: wiki ya kwanza. Daktari aliikunja fomu mara mbili, akaitia kwenye droo na kuisukuma droo kwa goti.

Bi Pamba alipewa barua ya onyo. Mzee Faili aliomba nakala. Nyumbani, dada mtu alicheka mpaka akaketi.

"Kumbe miaka yote hiyo umekuwa ukichemsha maradhi jikoni kwangu."

"Si maradhi kwa kila mbwa."

"Hiyo ndiyo sentensi ya kujitetea?"

Jumanne iliyofuata, kwa mara ya kwanza, kidonge cha Bi Pamba kilitemwa. Kilitemwa mara tatu, na mara ya nne Meneja alifunga taya juu ya kidole gumba chake. Bi Pamba alikifunga bandeji mwenyewe, akamgeukia mzee.

"Njoo ushike taya."

"Hiyo ni kazi yako."

"Kazi yangu ilikuwa ini. Shika."

Mzee aliinuka kwenye benchi, akashika. Wote wawili walitazama ukutani ili wasitazamane. Kidonge kikapita. Mzee akarudi kuketi, akaandika saa.

Wiki ya tatu alisoma: Jumatano, kumi na nane. Wiki ya tano: saba. Alizisoma nambari hizo kwa sauti ya kumsuta, kila moja kama kofi.

"Nne," alisema mwishoni mwa wiki ya nane. "Ungekuwa mwaminifu tangu mwanzo, asingeteseka."

"Manyoya ya nyayo yameota meupe. Hilo umeliandika?"

"Naandika makosa. Uzuri unaonekana wenyewe."

Daktari alibakiwa na jambo moja. Ili kuwa na hakika kwamba ni kuku, na si kitu kingine kilichokoma kwa bahati, ini lirudishwe mara moja tu na kujikuna kuhesabiwe. Bila hivyo angeandika "huenda" tu.

Mzee Faili alikaa wima. "Nalitaka hilo. Faili lifungwe. Nimtie huyu mama hatiani kwa nambari."

Bi Pamba alichemsha ini moja, akalifunga kwenye karatasi, akampa. Mzee alilitia mfukoni bila shukrani.

Jumanne alirudi saa nne kasorobo.

"Ulimpa?" akauliza daktari.

"Nilimpa."

"Ulihesabu mara ngapi?"

"Nilisahau kuhesabu."

Daktari alishangaa, akaandika "huenda", akaenda kwa mgonjwa mwingine. Bi Pamba alimpandisha Meneja mezani, akaipekua mikunjo ya uso, akamgeuza tumbo, akafungua vidole vya mguu kimoja kimoja. Ngozi ilikuwa kavu na nyeupe. Hapakuwa na hata kipele. Kwenye benchi, daftari lilikuwa wazi juu ya goti la mzee: Ijumaa ilikuwa na nne, Jumapili ilikuwa na nne, na katikati yake mstari wa Jumamosi ulikuwa mtupu.

Mzee aliona macho yake yalikoelekea, akalifunga daftari.

"Umechelewa dakika mbili leo," akasema.

"Andika," alisema Bi Pamba. "Halafu njoo ushike taya."