Mstari wa Chini Haukuwa Uchafu

Habari ilinifikia Jumatatu asubuhi nikiwa sokoni Machakos nikichagua viazi: mtaalamu wa maabara aliyekuwa jirani yangu Mumbuni amefariki kwa kiharusi, akiwa na miaka arobaini na minne. Mnaonisoma gazetini kila wiki mnajua kwamba sipendi kuandika tanzia. Leo naandika kwa sababu nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Wengi walimjua kama yule mtu mpole wa kliniki karibu na steji ya matatu, anayekutoboa kidole na kukuambia kama una malaria. Wachache walijua kwamba kabla ya hapo alikuwa chuo kikuu miaka minne akisomea uzamili, na kwamba alirudi nyumbani bila shahada hiyo. Huko alichunguza kinasi, zile protini zinazopitisha ujumbe ndani ya seli, zikiiambia ikue, igawanyike au itulie. Alishika kinasi moja tu, katika seli za uvimbe wa matiti, akitarajia kuiona kama mstari mmoja mweusi kwenye picha ya kipimo kinachopanga protini, ndefu juu na fupi chini. Akaona miwili. Wa pili ulikuwa chini kidogo, kana kwamba ni protini ile ile iliyopunguzwa urefu.

Alimpelekea msimamizi wake picha hiyo. "Huo wa chini ni uchafu," profesa alisema. "Rudia." Alirudia kwa miezi minane. Alibadilisha dawa za maabara, akaosha vyombo kwa mikono yake, akaanza upya na seli nyingine, na mstari haukuondoka. Mwishowe alisoma nakala ya jeni yenyewe akakuta kipande kizima hakipo. Profesa hakutaka kusikia. Alimwagiza aikate picha, abakize mstari wa juu, wachapishe matokeo.

"Prof, huo mstari uko. Siwezi kuukata halafu niseme hauko."

"Basi hutamaliza hapa."

Na kweli, hakumaliza.

Yote haya alinieleza barazani kwangu, Jumapili moja baada ya kanisa. "Seli inanakili jeni," alisema, "halafu inakata ile nakala na kuunganisha vipande. Saa zingine inaruka kimoja, kinasi inatoka fupi. Kama kile kimerukwa ndicho kilikuwa cha kuizima, itaendelea kuambia seli igawanyike, hata kama hakuna mtu ameituma. Ingine inakosa ile sehemu ya kufanya kazi, inakaa tu njiani ikizuia zile nzima."

Nilimuuliza hayo yanamhusu nini mama anayeuza maembe Matuu.

"Akipata uvimbe wa matiti, apewe dawa ya kushika kile kipande, na uvimbe wake umekiruka, dawa itashika nini?"

Aliniomba niyaandike hayo gazetini. Nikamwambia wasomaji hawataelewa. Huo ulikuwa uongo, kwani mmeelewa sasa hivi kwa aya chache. Ukweli ni kwamba nilimwogopa profesa, mtu wa kualikwa kila mahali. Siku hizi wanafunzi wanafundishwa darasani kwamba kinasi nyingi zina maumbo zaidi ya moja na kwamba kila umbo laweza kubadilisha ujumbe. Jirani yangu alikuwa akisoma hayo kwenye simu wakati wa chakula cha mchana, kisha akivaa glavu na kurudi kwenye vipimo vya malaria. Tunawasomesha vijana wetu watazame kwa makini, halafu tunawafukuza kwa kosa la kuona.

Tulimzika Jumamosi, kwao Ekalakala. Mjumbe wa chuo alisoma salamu za profesa: marehemu alikuwa mwanafunzi mahiri "aliyeacha masomo kwa sababu za kifamilia". Mama wa marehemu, mkulima ambaye hajawahi kuingia maabara, aliinuka kwenye kiti.

"Familia ni mimi," alisema. "Mimi sikumwambia aache."

Mjumbe alikunja karatasi yake. Mchungaji akaanzisha wimbo haraka. Mimi niliyejua kila kitu nilikuwa nimeketi hatua tatu kutoka kwenye kipaza sauti, na sikusimama.

Baada ya maziko nilimfuata yule mama nikamsimulia yote, kuanzia picha hadi siku mwanawe aliponiomba msaada. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo wewe ulijua."

"Nilijua, mwaitu," nilisema, nikimwita mama kwa Kikamba.

"Na uko na gazeti."

Hakungoja nijibu. Alienda kuwatazama wageni wake kama wamepata chakula.

Msinitumie pole, mpelekeeni mama huyo. Nimejifunza kwa kuchelewa kwamba mtu aliyeona jambo peke yake anahitaji mwingine wa kusimama kando yake na kusema, hata mimi nimeliona, na anamhitaji akiwa hai. Kama kazini kwako kuna mtu anayelazimishwa kufuta alichokiona kwa macho yake, nawe unajua, usimngojee hadi uitwe kwenye mazishi yake. Sema wiki hii.