Mpishi wa pilau aliyeichunguza kampuni kama posa

Saa kumi na moja alfajiri, kwenye ua wa nyumba moja ya Magomeni, Bagamoyo, Bi Sihaba Mikidadi anageuza pilau kwa mwiko unaomzidi kimo. Masufuria matatu yako jikoni, moshi umetanda mpaka barazani, na bibi harusi mwenyewe bado yuko ndani anakoroma.

"Mwanahisa!" anaita mpishi mwenzake kutoka upande wa pili wa ua. "Acha kuwaza hisa, huko chini kunaungua!"

"Kuungua ni kwako," anajibu bila kugeuza shingo. "Kwangu huo ni ukoko, na watu watagombania."

Ua mzima unacheka. Jina la Mwanahisa limemganda tangu mwaka jana. Mwenyewe hujifanya linamkera, lakini ukimtazama usoni utaona analipenda.

Bi Sihaba, mwenye miaka 57, ni mpishi wa shughuli. Harusi, maulidi, hitima: pakipikwa kwa sufuria kubwa, yeye yupo. Shughuli moja humpa kati ya Sh60,000 na Sh100,000. Mwezi wa Shaabani hapumziki, na Ramadhani ikiingia mkono unakauka.

"Kazi hii haina mshahara, ina jina," anasema. "Ukipika vizuri unaitwa. Ukiunguza mara moja tu, mji mzima unajua kabla hujaosha mwiko."

Na kwa kuwa amepika karibu kila ua wa mji, anayo kazi ya pili ambayo halipwi hata senti. Familia zikiletewa posa, humtuma yeye kuulizia habari za kijana.

Mila iko hivi. Barua ya posa ikija, wazee wa binti hawajibu siku hiyo. Huomba muda, kisha hutafutwa mwanamke mwenye adabu na masikio, apite kwa majirani wa kijana, dukani anakokopa, kwa watu anaosali nao. Kijana mwenyewe haguswi.

"Ukimuuliza bwana harusi atakwambia anasali swala tano na sigara haijui," anasema Bi Sihaba, akionja mchuzi kwenye kiganja. "Muulize mwenye duka jirani yake. Huyo ndiye anayejua."

Sasa, mtu wa namna hii ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kuichunguza kampuni.

Kikundi chao, Mwiko Mmoja, kina wanawake ishirini na wawili, wote wapishi. Kwa miaka sita walikuwa wakiweka akiba ili wanunue masufuria na vyombo vyao wenyewe. Siku zote walikuwa wakikodi, na anayekodisha ndiye anayekula mnofu. Akiba ilikuwa imefika Sh11 milioni pale alipowatokea kijana mmoja mtanashati, Twalib, wakala wa kampuni ndogo ya malipo ya kielektroniki iitwayo Papo Malipo.

Papo Malipo hugawa vimashine vya mkononi kwa wenye maduka. Mteja anagusisha kadi au anaweka namba ya simu, fedha zinaingia kwa mwenye duka, na kampuni inakata asilimia moja. Wakati huo ilikuwa inauza hisa kwa umma, Sh500 kwa hisa moja, na mauzo yangefungwa mwisho wa mwezi.

"Tuna mashine kwenye maduka mia tatu kutoka Mapinga mpaka Bagamoyo," Twalib aliwaambia. "Na bado tunakwenda mbele, mama zangu."

Kikao kikagawanyika. Najma, mweka hazina, alitaka fedha zote ziende huko. "Sufuria linatoboka, jamani, hisa haitoboki!" Wengine wakamkatalia katakata. Mmoja akatupa methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

"Hata vitumbua vinatembezwa," Bi Sihaba akasema, "na ni vitamu."

Basi! Kwa kauli hiyo moja kazi ikamwangukia. Wenzake walimwambia wazi kwamba atakalosema yeye ndilo litakalofuatwa. Alirudi nyumbani moyo mzito. Jasho la wanawake ishirini na wawili likipotea kwa neno lake, angewatazamaje tena jikoni?

"Nikajiambia, hisa sizijui, lakini posa naijua," anakumbuka. "Na hii nikiitazama naona ni posa. Mgeni anataka kuingia nyumbani. Ila posa ya ajabu, bibi harusi ndiye anayetoa mahari!"

Akaanzia Mtaa wa India, kwa Nazneen Jafferali, muuza khanga na vitenge ambaye harusi yake mwenyewe Bi Sihaba ndiye aliyeipikia biriani. Nazneen alikuwa na mashine ya Papo dukani, na hesabu anazijua tangu utoto wake kwenye duka la baba. Akausoma waraka wa matarajio, ule ambao kampuni huwapa wanaotaka kununua hisa, taratibu, kikombe cha chai pembeni.

"Faida hawajapata bado, Bi Sihaba," alimwambia. "Ila hasara inapungua kila mwaka, na deni si kubwa. Mashine yenyewe nzuri. Mtandao ukikatika napiga simu, wanapokea. Hofu yangu ni moja. Kampuni kubwa za simu zikiamua kushusha makato, huyu mdogo atapumulia wapi?"

"Kwa hiyo kijana tabia yake nzuri, lakini mtaani kwake kuna wababe."

"Ndiyo hivyo hivyo," Nazneen akacheka. "Na bei anayotaka ni ya mtu aliyekwisha kufanikiwa."

Mambo yangekwenda kimya kimya kama Bi Sihaba angeuliza kama watu wengine wanavyouliza. Yeye aliuliza kwa njia anayoijua. Akapita bucha, akapita duka la dawa, akapita kwa kinyozi, na baada ya salamu na habari za nyumbani akawa anashusha sauti: "Eti, huyu kijana Twalib yukoje? Ukimwita anakuja? Muungwana? Neno lake analitimiza?"

Lahaula! Bagamoyo, mwanamke huyu akiulizia habari za kijana, maana yake ni moja tu. Na nyumbani kwake kuna binti, Shamsia, mwalimu wa chekechea, hajaolewa.

Haikupita wiki habari zikafika Mbegani, kwa Bi Adija, mama yake Twalib. Naye akapiga hesabu zake: kijana haulizwi habari zake ila posa imepelekwa, basi mwanangu kapeleka posa bila kumwambia mama yake! Twalib aliapa kwamba hajapeleka kitu popote. Hakuaminiwa.

Alasiri ya Ijumaa Bi Adija akabisha hodi, kavaa buibui jipya, harufu ya udi inamtangulia, mkononi sahani ya halwa iliyofunikwa kawa.

"Nimekuja kuomba radhi, mwenzangu," alianza kabla hata hajakaa vizuri. "Watoto wa siku hizi hawana mpango. Posa inapelekwa na wazee, haipelekwi kwa simu."

Bi Sihaba hakuelewa hata neno moja, lakini mgeni aliyekuja na halwa humkatizi. Akamkaribisha, akamwita Shamsia alete kahawa, akasikiliza.

Na Bi Adija, kama mama yeyote, akaanza kumnadi mwanawe. "Hana makuu mwanangu. Na kazi anayo, mchapakazi hasa! Kila mashine anayogawa analipwa elfu kumi yake. Kule Mapinga kampa hata muuza mchicha, bibi wa watu hajui inawashwa wapi! Mwenye banda la chipsi kampa mbili!"

Kikombe cha Bi Sihaba kikaishia njiani.

"Na mashine ikitumika, anapata chochote?"

"Itumike isitumike, hilo si juu yake, mwenzangu. Yake ni kugawa."

Shamsia, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika la kahawa, ndiye aliyegundua kwanza kilichotokea. Ilibidi arudi jikoni akacheke huko. Mama yake naye alipofahamu alijishika kifua.

"Mtume! Bi Adija, nisamehe mimi! Sikuwa naulizia mchumba, nilikuwa naulizia kampuni!"

Bi Adija akatazama halwa, akamtazama mwenyeji wake, kisha akaangua kicheko mpaka mtandio ukamvuka. "Haya, lakini halwa hairudi Mbegani," akasema. "Tuile." Wakaila yote.

Kesho yake Bi Sihaba akarudi kwenye maduka yale yale na swali jipya: mara ya mwisho umeitumia lini? Kwa Yahya, mwenye bucha, mashine ilikuwa imewekwa dirishani kuzuia upepo usifunge kioo. Kwa kinyozi ilikuwa ndani ya droo pamoja na vitana vilivyovunjika meno. Akapanda gari mpaka Mapinga, akamkuta muuza mchicha ameivisha kitambaa cha kufuma, akidhani ni redio inayosubiri betri. Lakini kwenye duka la dawa, kwenye nyumba za wageni na kwa Nazneen, ilikuwa haipoi mchana kutwa, na wenyewe walisema wakinyang'anywa watalia.

Hapo akaona picha kamili. Kampuni haikuwa ya matapeli. Ilikuwa ndogo kuliko ilivyojisema, basi.

Akamwita Twalib. "Shikamoo, mama," kijana alisema huku anatazama vidole vyake vya miguu, maana kisa cha halwa kilikuwa kimeshazunguka mji.

"Marahaba, mwanangu. Hizo mia tatu zako, zinazofanya kazi ngapi?"

Twalib hakujitetea. "Theluthi, mama, au imezidi kidogo. Niliambiwa nigawe, nikagawa. Lakini ofisini Dar nimeshawaambia kwamba mtindo huu haufai."

"Nilimpenda hapo," anasema Bi Sihaba. "Mtu akiulizwa akasema kweli, ana kitu."

Siku ya kikao wapishi wote walifika, hata wenye miguu mibovu. Bi Sihaba akasimama. "Jamani, kijana si mbaya. Kazi anayo, adabu anayo, deni la kutisha hana. Ila anajisifia ukubwa ambao hajaufikia, na majirani zake wana nguvu. Posa kama hii huikatai, wala hufungi ndoa kesho. Unaweka uchumba kwanza, unamtazama."

Uchumba wenyewe ukawa Sh500,000, yaani hisa elfu moja. Kiasi kama hicho, aliwaambia, hata kikipotea hakuna atakayelala njaa. Fedha zilizobaki zikanunua masufuria, sahani na mahema. Najma alinuna siku nzima, halafu akanunua hisa zake kwa fedha zake mwenyewe, na hakuna aliyemlaumu.

Leo vyombo vya Mwiko Mmoja vinakodishwa mpaka Kerege, na miezi ya harusi huingiza kama Sh400,000 kwa mwezi. Hisa nazo zilishuka mpaka Sh410, sasa zimepanda kidogo, Sh450. Zilipokuwa zinashuka baadhi ya wenzake walimjia wamekunja nyuso.

"Niliwaambia, hata mchumba hununa," anasema. "Muhimu kujua kanunia nini."

Kuna yaliyobadilika pia. Papo Malipo sasa humlipa wakala kwa mashine inayotumika, si kwa inayogawiwa tu. Twalib alirudi Mapinga, akakaa na yule muuza mchicha mpaka bibi akajua kuipokelea fedha mwenyewe. Zile zilizolala madukani amezikusanya, na mbili kati ya hizo zilitoka kwa mwenye chipsi.

Moja iko nyumbani kwa Bi Sihaba, kwa ajili ya malipo ya shughuli. Haijawahi kuharibika hata siku moja, lakini Twalib huja kila wiki kuikagua. Hukagua muda mrefu, hasa Shamsia akiwa amerudi kutoka kazini.

Bi Adija naye, tangu siku ile ya halwa, hapiti mjini bila kuingia. Wakikaa pamoja, macho yao huwa kwa binti. Shamsia keshawajibu. "Mama, hisa mmenunua kidogo kidogo," aliwaambia, "mimi ndiyo mnataka kuniuza jumla? Niacheni niulizie mwenyewe."

Pilau limeiva. Bi Sihaba anaondoa makaa juu ya mfuniko, anajifuta uso kwa upindo wa khanga, na anaanza kusimulia kuhusu safari yake ya mwezi ujao. Kampuni imeita mkutano mkuu wa wanahisa, Dar es Salaam, na Mwiko Mmoja kimemchagua yeye akiwakilishe. Khanga ameshanunua kwa Nazneen, doti mpya, na Nazneen amekataa kumpunguzia hata mia.

Anatamani hisa zikisimama vizuri waongeze kidogo, na siku moja wapishi wa Bagamoyo wawe na jengo lao lenye jiko la gesi, waachane na moshi huu unaowamaliza macho. Lakini kabla ya kuongeza hata shilingi, ana swali.

"Nitanyoosha mkono," anasema. "Nitamuuliza mkurugenzi mwenyewe, mbele za watu: baba, mashine ngapi bado zimelala?"

Si yeye aliyesema bwana harusi haulizwi mwenyewe? Bi Sihaba anacheka, anachota ukoko wa kwanza na kuuweka kwenye sahani ya mwandishi huyu.

"Wakati ule ilikuwa posa," anasema. "Sasa mimi ni mkwe. Mkwe haendi kwa majirani. Anaingia ndani, anakaa, anauliza."