Machozi Aliyodhani ni Yake

Mwaka nilioachwa, jicho langu la kushoto lilianza kutoka machozi, na mtaa wetu wa Malindi ukakata shauri kwamba namlilia mume. Nikiwa jikoni, linatiririka. Nikienda sokoni, linatiririka. Wanawake wasionijua vizuri wakawa wananishika mkono na kuniambia nivute subira. Niliwaacha waseme. Walitaka kisa, hawakutaka habari zangu.

Aliyefurahi kuliko wote ni mtalaka wangu. Miaka tisa ya ndoa hakuwahi kuniuliza kama nimekula, leo akamtuma dada yake.

"Amesikia hali yako," wifi aliniambia, amejikalia kwenye kiti changu kama kadhi. "Yuko tayari kukurejea, ila umwombe radhi kwanza."

"Mwambie nina jicho bovu."

"Wote husema hivyo."

Alikunywa chai yangu, akaenda zake bila kuniamini.

Siku chache baadaye niliamka kona ya jicho, pale kando ya pua, imevimba na kuwa nyekundu, nikiigusa inatoa usaha. Nikaenda Kilifi kwa daktari wa macho. Alinipa vidonge mpaka uvimbe ukaisha, kisha niliporudi akanilaza kitandani, akapitisha sindano butu kwenye kitundu kidogo cha ukingo wa kope na kusukuma maji ya chumvi.

"Ukiyaonja kooni niambie."

Sikuonja kitu. Yote yalirudi yakanimwagikia shavuni.

"Mfereji wa machozi umeziba," akasema. "Machozi ya kila mtu hushukia puani. Yako hayana pa kupita. Matone ya dawa hayatauzibua, itabidi tukufungulie njia nyingine."

Nilipasuliwa. Nikakaa wiki kadhaa na kijibomba laini ndani ya ile njia mpya, na siku za mwanzo pua ilinivuja damu. Kilipotolewa, shavu langu lilikuwa kavu.

Wifi akaja tena, akanikagua uso. "Umemsahau upesi hivyo?"

Nikamweleza habari za mfereji, polepole, kama anavyoelezwa mtoto. Hakuamini. Baadaye nikasikia kaka yake anasimulia barazani kwamba nilimwendea mganga nipewe dawa ya kumsahau, na wanaume wazima wakimsikiliza.

Sikuhangaika kumkanusha. Mimi ni fundi wa nguo. Nilikuwa na sare za shule za kumaliza, na sasa niliweza kutunga uzi kwenye sindano bila kujipangusa.