Kadi ya Kushoto kwa Gunnvor

Oddvar Bråten, fundi bomba mstaafu wa mji wa Skien, alijijua vizuri: kapera wa miaka sitini na minne, tumbo mbele, maneno hana. Hata hivyo, kila tarehe ishirini Machi, mji ukiadhimisha kuzaliwa kwa mwandishi wake wa tamthilia, yule mzee wa sharafa nyeupe, yeye ndiye aliyepanga meza za karamu. Tamthilia zenyewe alizihudhuria zote. Kuhudhuria tu, maana ikifika sehemu ya pili huwa amelala fofofo.

Kilichomleta ni Gunnvor Lia, mwenyekiti wa kamati na mwenyeji wa karamu hiyo, mjane aliyeshona mavazi ya waigizaji. Alimpenda, tuseme ukweli, na kwa miaka sita hakuwahi kumwambia neno zito kuliko "kahawa iko tayari."

Sasa, kiti cha kushoto kwa mwenyeji si cha kukaliwa ovyo. Anayekikalia ndiye husimama mwisho wa karamu kushukuru kwa chakula, na kabla hajasema, hakuna anayeinuka. Kila mwaka, akikagua meza, Oddvar alikuta kadi yenye jina lake hapo. Kila mwaka aliguna, "Maskini, kazi zimemzidi, anachanganya majina." Akamsahihishia kimyakimya: akaweka hapo kadi ya Hegge, daktari wa meno, msemaji hodari, na yake akaisogeza karibu na jiko.

Mwaka huu Gunnvor alipanga kadi wageni wakiwa wanaingia. Nafasi ya kusahihisha haikupatikana, Oddvar akakaa kushoto kwake kama mtu aliyevaa koti la mwenzake.

Walikula chewa na viazi, kisha keki ya krimu. Sahani zikawa tupu. Hakuna aliyeinuka. Hegge akakohoa. Oddvar akawaza, huyu wa kushukuru naye mzembe kweli, watu wanataka kuinuka hapa. Akageuka kumtafuta, akakuta watu thelathini wanamtazama yeye.

Alisimama.

"Ahsanteni kwa chakula," alisema. "Samaki alikuwa mzuri. Mzee wetu wa leo, mimi tamthilia zake zote nimelala katikati." Wakacheka, akapata pumzi. "Nadhani zinahusu watu wanaoficha jambo nyumbani mpaka linawaunguza. Sina hakika, hapo ndipo huwa nasinzia. Mtasema basi huyu hufuata nini hapa. Namfuata Gunnvor. Na kiti hiki nimewekwa kwa makosa, mniwie radhi."

Akaketi, masikio yakiwaka moto. Viti vikaanza kuburuzwa, watu wakiinuka taratibu mno kwa watu waliokuwa na haraka.

"Makosa gani?" Gunnvor aliuliza, macho kwenye sahani. "Miaka sita nakuweka hapa. Nikirudi nakuta Hegge. Wewe Oddvar, habari za magego nimesimuliwa mpaka naweza kufungua kliniki."

"Nilidhani umekosea."

"Mara sita?"

Oddvar akajiona mjinga, tena si mjinga wa leo, mjinga wa miaka sita mfululizo, aliyejinyima kwa mikono yake na kuiita adabu. Ilimuuma. Akaanza kuinuka.

"Niangalie kahawa."

"Kaa," alisema Gunnvor, akamshika mkono juu ya meza, mbele ya Hegge na ukumbi mzima, wala hakuuachia.