Siku Niliyotafuta Mlango wa Australia Mjini Louisville

Jambo hili nalisema mwenyewe kabla hamjalisikia kwa wengine: ni kweli, mimi ndiye niliyekwenda ofisi ya wakimbizi hapa Louisville kuulizia mlango wa Australia.

Dada yangu alikuwa amefariki kule Australia, akamwacha mama yetu peke yake nyumbani, kikongwe asiyejua neno la Kiingereza, na mimi simjui mtu hata mmoja katika mji wao. Binti yangu akataka kutafuta msaada kwenye intaneti, nikakataa. Kambini Tanzania, sisi wa kwenda Marekani na wale wa kwenda Australia tulihojiwa katika jengo moja, milango imepakana, kwa hiyo nilijua (nilijua nini mimi) kwamba ofisi ni hiyo hiyo. Nikavaa suti, nikamchukua mchungaji na akina mama wawili waliokuwa matangani kwangu, ili tuonekane wazito.

Wahudumu wa mapokezi waliona vitenge vya akina mama, wakadhani tumeingia nchini juzi, wakatuandika majina, wakatuketisha na wakimbizi waliofika wiki ile, na mimi, mtu wa miaka saba nchi hii, mwenye gari na kazi ya ghala kule Jeffersontown, nikafundishwa kuwasha jiko la umeme. Sikuthubutu kutoka (kambini ukitoka kwenye foleni umejifuta mwenyewe). Mchungaji akaitwa mbele awashe, akawasha, akapigiwa makofi.

Walipouliza nani ana swali, nikasimama. "Mlango wa Australia ni upi?"

Chumba kizima kikacheka. Mkalimani, mama wa Kikongo, akasema, "Mzee, bon, hapa hata mlango wa Indiana, hapo ng'ambo ya mto, hatuna."

Nikamwambia kwamba mama yangu yuko peke yake na msiba kule Australia, siku ya tatu. Kicheko kikakatika. Mkalimani akaniketisha kwenye kompyuta, akaandika jina la mji ule, ukatokea ukurasa wa halmashauri yao na namba ya kituo kinachosaidia wahamiaji. Dakika mbili tu. Tukaacha ujumbe, na kesho yake mwanamke Mrundi wa kituo kile akabisha hodi kwa mama, akampikia, kisha akanipigia na kumpa simu.

"Mwanangu," mama akasema, "nasikia ulinitafuta huko huko kwako."

"Ndiyo, mama."

"Chini ya kitanda ulitazama?"

Tukacheka, halafu tukamlilia dada. Tangu siku ile siketi katika ofisi yoyote kabla ya kuuliza wanashughulika na nini, hata kwa daktari wa meno.