Nilivyomtetea beki nisiyemjua

Leo baada ya ibada hapa Buffalo, Marekani, nimewakemea vijana wawili wasio na kosa.

Walikuwa wakikunja viti. Amani akasema, "Huyu hatumiki! Kila siku benchi tu. Apelekwe Columbus."

Josué akamjibu, "Bon, wewe hujui kitu. Wampe nafasi kwanza!"

Kwetu kanisani, kutumika ni kumtumikia Mungu. Nikadhani wanamsema Dada Furaha, mwinjilisti aliyehamia kwetu mwaka jana kutoka Louisville, ambaye hajahubiri hata mara moja.

Nikawaambia kwa ukali, "Mtumishi wa Mungu hafukuzwi hivyo!"

Josué alicheka mpaka akakaa chini. "Mzee, tunamsema beki wa timu yetu ya hoki, Amani anataka auzwe kwa timu ya Columbus! Wale wa kwenye barafu!"

Nami nikacheka.

Kisha Amani akauliza kwa upole, "Lakini Mzee, zamu za kuhubiri si unapanga wewe?"

Ni mimi.

Nimempigia Dada Furaha simu, nikamwomba ahubiri Jumapili ijayo.

Akasema, "Asante, Mzee. Jumapili ijayo nitakuwa nimeshahamia Columbus. Kanisa la huko limeniomba nihubiri."

Nimemwomba msamaha, naye amenisamehe.

Wapendwa mlioko Columbus, mpokeeni vema. Mkimsikia, mniandikie hapa alihubiri nini.