Kumchagulia Kaka Risasi

Kaka yangu alinunua bunduki kabla hajajua inakula risasi gani. Ndivyo alivyo. Hata suruali hununua hivyo hivyo, halafu ndipo anatafuta mtu wa kuipunguza.

Anaishi ng'ambo, kwenye theluji. Anafanya kazi katika kiwanda cha nyama, kutwa nzima anakata ng'ombe wa watu, na siku ya mapumziko anataka kwenda porini kuua mnyama wa kwake. Huko inaruhusiwa: unachukua kibali, unavaa koti la rangi ya machungwa, unaenda. Hapa kwetu Mururu ukitembea na bunduki hutafika hata barabarani. Baba hajashika bunduki tangu tuliporudi Rwanda. Lakini zamani, upande wa Kongo, alikuwa mwindaji wa shamba la kwinini. Asubuhi bwana wa shamba alimpa risasi moja, na jioni alidai mnyama au arudishiwe risasi yake. Baba alijifunza kufikiri kabla ya kufyatua.

Kwa hiyo kaka alipokwama alimpigia Baba, yaani alipiga simu yangu, kwa sababu Baba anaishi kwangu tangu Mama afe, na macho yake yalikuwa yameanza kuzima. Alipiga wakati ule ule wanaume wanapopenda kupiga: nasonga bugali, mdogo yuko mgongoni analilia meno, mkubwa ananivuta kitenge.

"Papa, jambo. Minaomba shauri."

"Shauri ya nini? Ya bibi?"

"Hapana, Papa. Ya masasi."

"Afazali," Baba akasema. "Ile ya bibi sikuiweza hata mimi."

Kaka akaeleza. Bunduki yake ni fupi, ile inayojipakia yenyewe: ukifyatua, risasi nyingine inapanda bila wewe kuvuta kitu. Risasi yake ya asili ni nyembamba, na sheria ya huko inakataza kuipigia mnyama mkubwa, maana inamjeruhi tu, naye anakimbia kwenda kufia mbali. Basi ilibidi achague nyingine. Kulikuwa na mbili. Moja waliiita mia tatu: nzito, ya polepole, unabadilisha mtutu peke yake na magazini inabaki ile ile. Nyingine waliiita sita na nusu: inafika mbali zaidi, ila inataka mtutu wake, magazini yake, na hata kile chuma cha ndani kinachofunga risasi.

"Pori yenu iko namna gani?" Baba akauliza. "Unaona mbali, ama miti inakufunga macho?"

"Miti iko mingi, Papa. Na mawe."

Baba akafunika simu kwa kiganja, akanigeukia. "Ni ile nzito. Mu miti mingi hautapiga mbali. Na mututu mufupi unapenda risasi ya polepole."

"Basi mwambie, Papa! Bugali inaungua!"

"Nikimwambia leo, kesho ataniita juu ya nini?"

Nilisimama na mwiko mkononi. Akaondoa kiganja, akasema kwa sauti ya mtu mwenye kazi nzito mbele yake: "Mwanangu, hiyo haiko kitu ya kujibu mbio. Enda kwanza mu pori. Ukae chini ya muti, uangalie mpaka wapi unaona. Kiisha uniite."

Kaka akaenda, akaita. Baba akamtuma tena: aone wanyama wanakunywa wapi. Akaenda, akaita. Aulize wazee wa pale upepo unatoka wapi wakati wa baridi. Akaulize fundi kama mtutu wa mia tatu unashika vizuri kwenye bunduki yake. Kila jibu lilizaa swali, na kila swali lilikuwa simu nyingine. Baba alivaa shati safi kuongea, kwenye simu ya sauti tu. Majirani waliopita wakisikia anauliza uzito wa risasi walipunguza mwendo, halafu wakaniangalia mimi, nami nililazimika kueleza: ni ya ng'ambo, ni ya kihalali, kaka ana kibali. Wanawake kisimani waliniita "Maman Komanda" mpaka nikazoea.

Nilikasirika, sitaficha. Si kwa ajili ya bugali. Daktari wa macho alikuwa ameniambia wazi kwamba presha ya macho imeshakula sehemu kubwa, na dawa ya matone itachelewesha tu. Baba alitaka kitu kimoja: kumwona kijana wake kabla giza halijafunga. Aliniambia mwenyewe, nikimtia matone, kichwa chake kwenye mapaja yangu kama mtoto wangu wa tatu.

"Mwambie basi aje," nilisema.

"Hapana. Ukimwambia macho, atakuja sawa na muntu anakuja ku kilio. Mimi minataka akuje juu ya kutamani."

"Na asipotamani?"

"Mbona anaita kila mara?"

Anaita juu ya risasi, Papa! Hilo sikulisema. Nililimeza, nikafunga kichupa cha matone. Leo ningelisema, tena kwa sauti. Ningenyakua ile simu nikamwambia kaka: acha mitutu yako, panda ndege. Lakini nililelewa hivi, neno la baba halivukwi, na kaka naye alilelewa hivyo hivyo: haulizi mambo ya mwili wa baba yake. Anauliza mambo ya kazi. Watu wawili wanaopendana walikaa miezi wakipimiana uzito wa risasi, na mimi katikati nimeshika simu.

Msimu wa kuwinda ulipokaribia, kaka akachoka.

"Papa, duka itamaliza masasi. Nichukue gani?"

Vidole vya Baba vilipapasa magoti kama anayetafuta kifungo kilichoanguka.

"Chukua ile nzito," akasema. "Ujikaribishe na nyama. Upige nyuma ya mukono, pale moyo iko, usipige kichwa. Na sikia vizuri: ile ya zamani, nyembamba, unasema zinaingia mu magazini moja?"

"Njo vile, Papa. Fundi alinionya. Ukiweka ile nzito mu mututu wa ile nyembamba, bunduki inapasuka mu uso."

"Basi usizilaze pamoja. Usizibebe mu mufuko moja. Utoe za zamani zote mu nyumba."

"Merci, Papa. Umenisaidia sana."

"Utanipa shingo," Baba akasema, akacheka.

Kwetu, mnyama wa kwanza wa bunduki mpya, shingo ni ya baba wa mwindaji, na mwindaji haonji mpaka shingo imepokelewa. Baba alikuwa amempelekea babu shingo kwa miguu, siku nzima ya njia, nyama ikinuka, na babu akaipokea hivyo hivyo. Najua kaka hawezi kupandisha shingo kwenye ndege. Baba pia alijua. Lakini alisema, na kaka alicheka, na mimi nilifikiri: haya, atakumbuka, ataikausha, ataileta mwenyewe.

Simu zikapungua. Halafu zikawa salamu tu za kuandikwa, na Baba hakuweza kusoma tena. Shati safi lilikaa kwenye msumari. Alipouliza, nilimwambia mtandao mbaya, na Bukavu iko pale ng'ambo ya maji inatuonyesha minara yake yote ya simu.

Picha ilikuja mchana, nikianua nepi. Kaka amepiga goti kwenye theluji, mnyama mkubwa mwenye pembe kama matawi, ile bunduki fupi begani. Nilikimbia ndani. Baba akashika simu kwa mikono miwili, akaileta karibu na pua, akaipeleka pembeni, akarudisha. Kisha akanipa.

"Niambie."

"Ni mkubwa, Papa. Analala upande."

"Iliingia wapi?"

Nikakuza picha kwa vidole. "Nyuma ya mkono. Pale pale."

"Na yeye? Amenona?"

Nikamweleza kaka yangu: mashavu, ndevu alizofuga, mvi moja moja. Mvi zilimshangaza. Alinifanya nirudie. Halafu akaomba tupige, tukapiga, kaka akapokea kwa furaha, sauti za watu zimejaa nyuma yake.

"Papa! Risasi moja! Hakuenda hata hatua kumi!"

"Nimesikia. Na shingo?"

"Shingo... nilipatia mzee wa hapa jirani, Papa. Ule alinipeleka mu pori. Anapika nayo supu. Tumekula wote."

"Ni vizuri," Baba akasema. "Ni vizuri kabisa. Njo ya muntu mwenye iko karibu."

Akanirudishia simu bila kuaga. Nikampa kaka yote, kwa hasira, nimetoka nje uani, mdogo analia: macho, matone, shati, kila swali lililotengenezwa makusudi. Alilia. Alisema, kwa nini hukuniambia. Nami nikauliza, kwa nini hukuuliza. Akasema atatafuta ruhusa kazini, mwaka ujao labda, wakati wa joto.

Baba sasa anatofautisha mchana na usiku tu, na watoto anawajua kwa miguu yao. Juzi kaka aliandika: anataka kujaribu kichwa cha risasi chepesi kidogo, Papa anaonaje? Alifikiri, nadhani, kwamba amepata namna ya kurekebisha. Nilimsomea Baba maneno yote, polepole, nikitumaini ataomba shati lake.

Alikuwa anamvua mdogo viatu kwa kupapasa. Akamaliza kimoja, akatafuta cha pili.

"Mwambie achague mwenyewe," akasema. "Sasa anajua."